Viashiria vya damu na ugonjwa wa mishipa ya ateri kwa wenye kisukari aina ya pili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara watu wenye kisukari wanapotoka maabara na karatasi ya majibu mkononi. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa msomaji ataelekezwa kwenye namba ya swali. Maamuzi ya dawa yabaki baina ya mgonjwa na daktari wake.

## Mambo ya msingi

1. Kisukari ni ugonjwa wa sukari. Mishipa ya ateri inaingiaje hapo?

Ateri ni mishipa inayosafirisha damu kutoka moyoni kwenda kwenye viungo vyote. Kwa mtu mwenye kisukari aina ya pili, ukuta wa ndani wa mishipa hii hushambuliwa na mambo kadhaa kwa wakati mmoja: sukari iliyozidi kwa miaka, shinikizo la damu ambalo mara nyingi huandamana na kisukari, sigara kwa anayevuta, na chembe za mafuta zinazojipenyeza ndani ya ukuta huo, zikanaswa humo na kuanza kurundikana. Rundo hilo ndilo linaloitwa utando wa mafuta. Likikua hubana njia ya damu. Likipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia ghafla, nao ndio mshtuko wa moyo, au kiharusi ikitokea kichwani. Mguuni huanza na maumivu ya shavu la mguu wakati wa kutembea, na huweza kuishia kwenye kidonda kisichopona.

Kwa ujumla, hatari ya maradhi haya kwa mwenye kisukari ni takriban mara mbili ya asiye nacho. Zaidi ya hapo, kisukari hutia ganzi mishipa ya fahamu, kiasi kwamba wengine hupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali ya kifua. Kungoja mwili utoe taarifa wenyewe si jambo la kutegemea, na ndiyo sababu ya kupima mapema.

2. Kiashiria cha damu ni nini hasa?

Ni kitu kinachopimika kwenye damu, ambacho kiwango chake kinatuelekeza kwenye ugonjwa uliopo au unaokuja. Viashiria vya ateri si vya aina moja, na wengi huchanganyikiwa hapa. Vingine ni chanzo chenyewe cha ugonjwa, kama LDL, yaani chembe zinazobeba lehemu na kunasa ukutani mwa ateri: kikipungua, ugonjwa nao hupungua. Vingine ni moshi tu wa moto unaowaka mahali, kama protini ya CRP inayopanda mwili unapokuwa na mwako. Na vingine huonekana baada ya kiungo kuumia, kama troponini ya msuli wa moyo au kreatinini, taka ya damuni inayopanda figo zinaposhindwa kazi. Kupunguza moshi si lazima kuzime moto. Mfano wake uko kwenye swali la 9 na la 15.

3. Je, kuna kipimo kimoja cha damu kitakachoniambia kama mishipa yangu imeziba?

Hakipo. Damu hueleza ukubwa wa hatari, haionyeshi mshipa gani umebanwa wala kwa kiasi gani. Kwa miguu, kipimo kinachofaa ni kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono: uwiano wa 0.90 au chini yake unaashiria mishipa iliyobanwa. Kwa wenye kisukari cha muda mrefu uwiano huo huweza kuvuka 1.4, si kwa sababu mishipa ni mizima, bali kwa sababu imejaa chokaa na kuwa migumu hata mkanda wa mashine unashindwa kuibana.

4. Vipimo vipi ni vya lazima, na kila baada ya muda gani?

Vipimo vya mafuta (lehemu jumla, ambayo wengi huiita kolesteroli, pamoja na LDL, HDL inayoitwa mafuta mazuri, na trigliseridi, mafuta ya aina nyingine) hufanywa ugonjwa unapogunduliwa na kisha angalau mara moja kwa mwaka. HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache iliyopita, hupimwa kila miezi 3 mpaka sukari itulie, halafu kila miezi 6. Kreatinini ya damu na albumini (aina ya protini) ya mkojo hupimwa mara moja kwa mwaka. Aliyeanzishiwa statini (dawa ya kushusha LDL) au kubadilishiwa dozi hurudia kipimo cha mafuta baada ya wiki 4 hadi 12, kwani hapo ndipo inapoonekana kama dawa inafanya kazi, na kama inamezwa kweli.

Vingine vyote vilivyomo humu ni vya ziada. Mwenye fedha ya kubana afadhali alipie hivi kila mwaka kuliko kulipia orodha ndefu mara moja, kisha akose nauli ya kliniki.

## Kusoma karatasi ya majibu

5. Karatasi inaonyesha LDL yangu ni ya kawaida. Kwa nini daktari bado ananiandikia statini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na lina majibu mawili.

La kwanza: "kawaida" ya maabara si kiwango kinachotakiwa kwa mwenye kisukari. Mstari uliochapwa pembeni ya namba yako umewekwa kwa watu wote kwa jumla. Kwa mwenye kisukari wa miaka 40 hadi 75 aliye pia na shinikizo la damu, anayevuta sigara au mwenye kihatarishi kingine, miongozo ya Marekani inalenga LDL chini ya 1.8 mmol/L, aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha mshipa kuziba hulengwa kufika chini ya 1.4. Statini haiandikwi kwa sababu namba imevuka mstari, bali kwa sababu hatari ya mgonjwa kwa jumla iko juu. Jaribio la CARDS lililofanyika Uingereza na Ayalandi, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2004, liliwachukua watu 2,838 wenye kisukari aina ya pili ambao hawakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo wala LDL ya juu sana. Atorvastatini ya miligramu 10 kwa siku ilipunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 37, na jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imekwisha kuonekana. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliokusanya wenye kisukari 18,686 kutoka majaribio 14 ulionyesha kwamba kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L, matukio hayo hupungua kwa takriban moja ya tano.

La pili: LDL yenyewe huweza kuficha mambo. Tuchukue karatasi ya mfano yenye lehemu jumla 4.9, HDL 0.9, trigliseridi 3.1 na LDL 2.6, zote kwa mmol/L. Maabara imeandika kwamba LDL inayotakiwa ni chini ya 3.4, kwa hiyo mgonjwa anafurahi. Sasa atoe HDL kwenye lehemu jumla: 4.9 kutoa 0.9 ni 4.0. Hiyo ndiyo lehemu yote iliyobebwa na chembe zinazoweza kunasa ukutani, na kwa mtu anayelengwa LDL ya 1.8, kiwango chake kinapaswa kuwa chini ya 2.6. Kwenye kisukari aina ya pili ini humwaga damuni chembe nyingi zenye trigliseridi. Chembe hizo hubadilishana mafuta na LDL na HDL, mwisho wake HDL hupungua na chembe za LDL hugeuka kuwa ndogo, nzito na nyingi. Gramu za lehemu zinaweza kuwa zilezile huku idadi ya chembe ikiwa kubwa zaidi, mithili ya abiria walewale waliogawanywa kwenye daladala nyingi ndogo. Barabara inajaa magari, si abiria.

Hesabu hiyo ya kutoa haigharimu chochote na haihitaji kipimo kipya. Inashangaza jinsi inavyosahaulika.

6. Jirani yangu ana lehemu 190, mimi nina 4.9. Nani yuko pabaya?

Mko sawasawa. Maabara nyingine huandika kwa mg/dL na nyingine kwa mmol/L. Kubadilisha lehemu kutoka mmol/L kwenda mg/dL, zidisha kwa 38.7, trigliseridi zidisha kwa 88.6, sukari zidisha kwa 18. Ukihama maabara, angalia kipimio kabla ya kushtuka au kushangilia.

7. Ni lazima nifunge kabla ya kutolewa damu ya mafuta?

Mara nyingi si lazima. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubaliana kwamba kipimo cha kawaida cha mafuta kinaweza kufanywa bila kufunga, kwa sababu mlo wa kawaida hubadilisha LDL na HDL kidogo tu. Kufunga kunahitajika pale trigliseridi zilipoonekana kuvuka 4.5 mmol/L, au sukari ya kufunga inapopimwa kwa damu hiyohiyo.

Kuna hatari moja isiyosemwa vya kutosha. Mtu amekaa kwenye benchi tangu saa 12 asubuhi hajala kitu, amekwisha kumeza glibenklamidi (dawa ya kushusha sukari) au kujidunga insulini kama kawaida yake, na foleni haisogei. Kufikia saa 4 jasho linamtiririka na mikono inatetemeka: sukari imeshuka. Anayetakiwa kufunga amwulize daktari dawa gani aiahirishe, na abebe chakula cha kula mara damu itakapotolewa.

8. Trigliseridi zangu ziko juu sana na maabara imeshindwa kutoa LDL. Imeharibika nini?

Hakuna kilichoharibika. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja, bali huikokotoa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: lehemu jumla, kutoa HDL, kutoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi zikivuka 4.5 mmol/L kanuni hiyo hupotoka, na maabara makini huacha nafasi wazi badala ya kuandika namba ya uongo. Zikipanda mno huonekana kwa macho: damu ikishazungushwa kwenye mashine, maji ya juu ambayo hupaswa kuwa na rangi ya njano hafifu huwa meupe kama tui la nazi.

Sababu za kawaida ni sukari isiyodhibitiwa, pombe na unene wa tumboni. Sukari ikishuka, trigliseridi nazo hushuka. Zikivuka 10 mmol/L tatizo la karibu zaidi ni kongosho kuvimba, jambo linalohitaji matibabu ya haraka.

9. HDL ni mafuta mazuri. Niipandisheje?

HDL ya chini ni dalili nzuri ya kutambua mtu aliye hatarini, lakini kuipandisha kwa dawa hakujasaidia. Dawa iitwayo torcetrapib iliipandisha sana, na mwaka 2006 jaribio lake likasimamishwa kwa sababu vifo viliongezeka kwa waliokuwa wakiimeza. Kutembea, kuacha sigara na kupunguza uzito kunafaa kwa sababu zake nyingine nyingi. HDL ikipanda kidogo, na iwe nyongeza.

10. HbA1c yangu imeshuka hadi asilimia 6.8. Je, mishipa yangu sasa iko salama?

Macho, figo na mishipa ya fahamu vimefaidika sana. Ateri kubwa zimefaidika pia, lakini kwa kiasi kidogo na kwa kuchelewa. Utafiti mkubwa wa UKPDS wa Uingereza, ulioanza mwaka 1977, ulipopanga vihatarishi vya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wenye kisukari aina ya pili, LDL ilishika nafasi ya kwanza na HDL ya pili; HbA1c ilikuja ya tatu, ikifuatwa na shinikizo la damu na sigara. Kuibana sukari kupita kiasi nako kuna madhara: jaribio la ACCORD la Amerika ya Kaskazini, lililolenga HbA1c chini ya asilimia 6, lilisitisha sehemu hiyo mwaka 2008 baada ya vifo kuongezeka.

Kilichofaulu ni kushughulikia yote kwa pamoja. Kwenye jaribio la Steno-2 huko Copenhagen, wagonjwa 160 waliokuwa na albumini kwenye mkojo waligawanywa makundi mawili. Kundi lililotibiwa sukari, shinikizo la damu na mafuta kwa pamoja na kwa bidii lilipata karibu nusu ya matukio ya moyo na mishipa ukilinganisha na jingine. Walipofuatiliwa hadi kutimiza miaka 21, wa kundi hilo walikuwa wameishi miaka 7.9 zaidi kwa kipimo cha kati. Wagonjwa walikuwa 160 tu, na bado tofauti ilionekana wazi.

11. Nimekuja kwa ajili ya mishipa ya moyo. Mkojo unahusu nini?

Albumini kuvuja kwenye mkojo ni ishara kwamba mishipa midogo ya figo imeharibika, na mara nyingi mishipa mikubwa nayo haiko salama. Kiwango cha 3 mg kwa kila mmol ya kreatinini (sawa na 30 mg kwa gramu) au zaidi, kikirudiwa na kuthibitishwa, huongeza hatari ya moyo hata kama kreatinini ya damu ni nzuri. Si kiashiria cha damu, lakini kuiacha nje ya ukurasa huu kungekuwa kosa: ni rahisi, na huhimiza mabadiliko ya dawa mara moja.

## Vipimo vya ziada

12. Apolipoproteini B ni nini, na inafaa kulipiwa?

Kila chembe inayoweza kunasa ukutani hubeba molekuli moja tu ya apolipoproteini B. Kuipima ni kuhesabu daladala zenyewe, kwa mfano wa swali la 5. Inafaa zaidi kwa wale ambao trigliseridi zao ziko juu huku LDL ikionekana nzuri, yaani wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili. Isipopatikana, lehemu jumla kutoa HDL huikaribia vya kutosha.

13. Na ile Lp(a)?

Ni aina ya LDL iliyofungwa protini ya ziada, iliyogunduliwa na Kåre Berg wa Norway mwaka 1963. Kiwango chake hurithiwa na hakibadiliki sana kwa chakula wala mazoezi, hivyo kuipima mara moja maishani kunatosha kwa wengi. Zaidi ya 50 mg/dL, au 125 nmol/L, huhesabiwa kuwa juu. Watu wenye asili ya Afrika huwa nayo juu zaidi kwa wastani. Hufaa hasa kwa mwenye ndugu aliyepata mshtuko wa moyo angali kijana. Ikiwa juu, hatua inayochukuliwa ni kubana zaidi LDL na shinikizo la damu.

14. CRP yangu ni 18. Je, mishipa inawaka moto?

Haielekei. CRP ya kuangalia mishipa ni ile inayopimwa kwa usahihi wa hali ya juu, ambapo chini ya 1 mg/L ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ni ya kati, na zaidi ya 3 ni kubwa. Ikivuka 10, kwanza tafuta maambukizi: jino bovu, kidonda cha mguu, mkojo, homa. Kipimo kirudiwe wiki kadhaa baada ya kupona. Kwa mwenye kisukari ambaye tayari anastahili statini, CRP mara nyingi haibadilishi uamuzi.

15. Nimeona orodha yenye homosisteini na viashiria vingine vingi. Nivipime vyote?

Swali la kumwuliza anayekushauri ni moja: majibu yakitoka juu, tutafanya nini tofauti na yakitoka chini? Kama hakuna jibu, hakuna haja. Homosisteini ya juu huambatana na ugonjwa wa mishipa, na vitamini za kundi B huishusha vizuri. Majaribio makubwa ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba kuishusha hakukuzuia mshtuko wa moyo.

Watafiti wa jaribio la ORIGIN walichambua viashiria 237 kwenye damu ya watu zaidi ya 8,000 wenye kisukari au dalili zake za mwanzo. Vilivyobaki na uzito wa kutabiri matukio ya moyo vilikuwa 10, apolipoproteini B ikiwa mojawapo, na NT-proBNP ikiongoza. Hiyo ya mwisho huonyesha moyo unaoelemewa na kazi, na baadhi ya madaktari huipima kila mwaka kutafuta moyo kushindwa kufanya kazi ambao haujatoa dalili.

16. Mashine ya "kipimo cha mwili mzima", ya kushika kifimbo cha chuma mkononi, inaweza kupima lehemu?

Haiwezi. Lehemu hupimwa kwenye damu. Pasipo sindano wala tone la kidole, namba iliyochapwa haina msingi.

## Hali za pekee

17. Nina siko seli au upungufu wa damu. HbA1c yangu ni ya kuaminika?

Kwa tahadhari kubwa. HbA1c hupima sukari iliyojishika kwenye seli nyekundu, ambazo kwa kawaida huishi takriban siku 120. Kwenye siko seli huishi muda mfupi zaidi, kwa hiyo namba hushuka kwa uongo. Vivyo hivyo baada ya kuongezewa damu. Upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha kwa uongo. Hapo sukari ifuatiliwe kwa mashine ya kidole au kwa fruktosamini, kipimo cha damu kisichotegemea seli nyekundu.

18. Nilipima mafuta nikiwa na malaria. Majibu yanafaa?

Hayafai kwa uamuzi wa muda mrefu. Malaria na maambukizi mengine makali hushusha LDL na HDL na kupandisha trigliseridi. Rudia ukishapona kabisa. Baada ya mshtuko wa moyo pia LDL hushuka, ndiyo maana hospitali hupenda kuipima ndani ya saa 24 za mwanzo. Kwa mjamzito mambo ni kinyume: mafuta hupanda kwa kawaida, na statini nyingi husimamishwa.

19. Ninaishi na VVU na nina kisukari. Kuna tofauti?

Zipo tatu za kukumbuka. VVU yenyewe huongeza hatari ya mishipa: jaribio la REPRIEVE, lililohusisha watu 7,769 katika nchi kadhaa ikiwemo Uganda, lilionyesha mwaka 2023 kwamba pitavastatini ilipunguza matukio makubwa kwa asilimia 35. Pili, simvastatini haipaswi kutumiwa pamoja na dawa za VVU zilizoongezwa nguvu kwa ritonaviri. Tatu, dolutegraviri, dawa ya VVU, hupandisha kreatinini kidogo bila kuumiza figo, na huongeza metformini (dawa ya kisukari) damuni, hivyo dozi ya metformini huwekewa ukomo, kwa kawaida miligramu 1,000 kwa siku. Kliniki zote mbili zijue dawa zote unazomeza.

20. Nimeambiwa nina "damu nzito". Nimeze aspirini?

"Damu nzito" si jina la ugonjwa. Anayelisema huweza kumaanisha lehemu nyingi, seli nyekundu nyingi au hata shinikizo la damu, basi omba uonyeshwe ni namba ipi. Kuhusu aspirini, jaribio la ASCEND la mwaka 2018 kwa watu 15,480 wenye kisukari wasio na ugonjwa wa mishipa lilionyesha kwamba ilipunguza matukio makubwa kwa asilimia 12, lakini ikaongeza kuvuja damu kwingi kwa asilimia 29. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo ni habari nyingine, naye asiiache bila kumwuliza daktari.

21. Nina maumivu ya kifua. Niende maabara kupima troponini?

Hapana. Troponini huchukua saa kadhaa kupanda, mara nyingi hurudiwa ili kuona kama inabadilika, na kwa mwenye figo mbovu huweza kuwa juu muda wote. Namba moja ya maabara ya mtaani yaweza kumtuliza mtu ambaye mshipa wake unaziba saa hiyohiyo. Mwenye kisukari anayebanwa kifua, anayeishiwa pumzi ghafla au anayetokwa jasho baridi bila sababu aende moja kwa moja kwenye hospitali yenye mashine ya kupima umeme wa moyo. Karatasi zake za mafuta zitaletwa na ndugu baadaye.